Siku Mashine Ilipokaa Kimya

Mgeni akiingia kwenye ile nyumba ya mashine ya kusaga kwa mara ya kwanza hudhani amefumania ugomvi. Mwenye mashine anafoka, dada yake anafoka, mke wake anapaza sauti kutoka dirisha la jikoni, na mikono ya wote watatu inakwenda hewani kama ya watu wanaofukuza nyuki. Kumbe hakuna aliyemkosea mwenzake. Mmoja anauliza kama chai ipo, wa pili anajibu ipo, wa tatu anasema sukari imekwisha.

Mota ikishanguruma na mahindi yakaanza kugongana kwenye bati, sauti ya binadamu haina kazi humo ndani. Ndiyo maana familia ile ilijitengenezea lugha ya vidole. Kidole gumba kikisugua cha shahada, maana yake saga laini. Ngumi: koboa kwanza. Kiganja kikipita shingoni: zima. Kiganja kikipapasa tumbo: njoo ule kabla hakijapoa. Wateja wa siku nyingi nao walishaijua, wakawa wanaingia, wananyoosha vidole, wanatoka na unga wao bila kuaga.

Mwenye mashine walimwita Baba Chenga, kwa sababu ya binti yake. Mtoto alizaliwa mdogo kiasi kwamba shangazi yake alimlinganisha na zile punje zilizovunjika zinazopenya kwenye chekeche, na alipoanza kutembea akathibitisha jina: ukimshika huku, kapenya kule. Sasa alikuwa na miaka mitano, mashavu yana vumbi la unga, na mdomo uko wazi saa zote kama mtu ambaye ndiyo kwanza kaambiwa habari ya kushangaza.

Mdomo huo ndio ulioleta maneno. Mafua ya Chenga hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Akizungumza, ungedhani kabanwa pua na kibanio cha nguo. Na akilala!

"Mtoto wa kike, umri huo, anakoroma kumshinda baba yake," Mama Chenga alisema, "na baba yake si mchezo."

Wakampeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, binti mmoja mpole mwenye miwani, ambaye alimpiga Chenga picha ya kichwa kwa ubavu, akaibandika kwenye taa na kuwaonyesha.

"Nyuma ya pua, pale juu ya koo, kila mtoto ana nyama ndogo," alisema. "Watu wanaziita nyama za pua. Za huyu zimekua mpaka zimebakiza upenyo wa uzi. Ndiyo maana anapumulia mdomo."

"Zinatolewa?" Mama Chenga aliuliza.

"Wengine tunawatolea, wengine tunasubiri, kwa sababu mtoto akikua zenyewe huwa zinasinyaa. Inategemea. Usingizini huwa anakata pumzi, halafu anashtuka?"

"Hapana. Anakoroma tu moja kwa moja. Mimi ndiye ninayeshtuka."

"Anasikia vizuri?"

Hapo Baba Chenga alicheka mpaka kiti kikalia. "Daktari, huyu? Huyu anasikia kuliko sisi wote! Mota inanguruma, mimi mwenyewe sijisikii, lakini nikimwita anakuja. Nikimtuma ndoo, analeta ndoo. Nikimtuma gunia, analeta gunia."

Daktari alitaka kuhakikisha, lakini kifaa cha kupimia usikivu kilikuwa kimepelekwa kwa fundi.

"Mkanda au mota?" Baba Chenga aliuliza kwa huruma ya mwenye shughuli moja.

Daktari alichungulia masikio kwa kitochi. Kulikuwa na nta, na Chenga alikuwa akijipinda kama samaki, kwa hiyo hakuona la maana. Akasema kama kweli anasikia vizuri na hakati pumzi, hapana haraka ya kisu. Akaandika dawa ya kupuliza puani, wairudie kwa wiki kadhaa, kisha warudi waangalie tena.

Baba Chenga alitoka mle ndani mwepesi kama gunia tupu. Si kwamba aliogopa kisu. Vidole vyake vilikwisha kuonja kila chuma chenye makali. Alichoogopa ni ule usingizi wa dawa. Katika maisha yake alikuwa amewahi kuzima mota nzima, isiyo na kosa lolote, akala chakula chake, akarudi kuiwasha, ikagoma. Hakuna fundi aliyeweza kumweleza kwa nini. Mtu aliyepatwa na jambo kama hilo humwambii kirahisi kwamba mtoto atazimwa kidogo halafu atawashwa.

Tena alikuwa na ushahidi wake nyumbani. Ushahidi ulikaa kwenye kigoda karibu na mizani, umejifunga kanga kichwani, unachekecha unga. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, mwenye nusu ya mashine na, kwa maoni yake mwenyewe, mwenye akili yote.

"Mimi nilikuwa hivyohivyo," Shangazi aliwafokea wote kwa pamoja, mikono hewani. "Mdomo wazi, mafua, kukoroma mpaka mama akanihamishia stoo! Nani alinipasua? Nilipovunja ungo zikaisha zenyewe. Nitazame mimi! Nina kasoro gani?"

"Hatuwezi kuzimaliza leo, Dada, wateja wanasubiri," Baba Chenga alimjibu, akala kofi la begani, la mapenzi.

Dawa ikapulizwa. Kila asubuhi Chenga alifukuzwa uani, akakamatwa, akapulizwa, akapiga chafya. Kukoroma kulipungua siku mbili tatu, kukarudi na ndugu zake.

Kisha mwalimu wa chekechea akamwita Mama Chenga pembeni. Mtoto ana akili, alisema, ila ana kiburi. Wenzake wakiambiwa wasimame, yeye anachora. Anaitwa jina lake, anaendelea kuchora. Mpaka aone wenzake wamesimama, ndipo naye anasimama, tena kwa madaha.

Mama Chenga alirudi uso umemshuka. Shangazi alipopewa habari, kwa sauti ya juu na vidole, alipiga makofi.

"Katoka kwangu huyo! Mimi walimu walinichukia vilevile. Wifi, usihuzunike, kiburi ni mali ya ukoo."

Siku mkanda ulipokatika ilikuwa mchana, wateja wamepungua. Ulikatika kwa kishindo, ukapiga bati mara moja, kisha ukaning'inia. Mota ikazimwa. Kimya kikaingia humo ndani kama mgeni asiyejua akae wapi. Ulisikia kuku wa jirani. Ulisikia Mama Chenga akikwangua sufuria huko jikoni.

Baba Chenga alilala chali chini ya mashine, miguu tu imebaki nje. Chenga alikuwa msaidizi wake wa spana, kazi aliyoipenda kuliko shule. Zana zimepangwa kwenye gunia, naye amechuchumaa mbele yake.

"Chenga, nipe spana kubwa."

Mkono wake ulingoja nje ya mashine. Haukupata kitu.

"Chenga! Spana kubwa."

Kimya. Akajua mtoto kapenya, kaenda kwa mama yake. Akajisukuma nje huku akigugumia, akamkuta palepale, hatua moja kutoka miguuni kwake, anazipanga spana kwa urefu, mdomo wazi, ametulia tuli.

"We mtoto! Ndicho kiburi anachosema mwalimu?"

Chenga aliinua macho, akautazama mdomo wa baba yake, akaona kidole chake kinachoelekea kwenye zana. Uso ukamchangamka. Akachukua spana kubwa, akampa. Wala hakukosea.

Baba Chenga alibaki ameishika. Aliinuka taratibu. Akazunguka mpaka akawa nyuma ya mtoto. Akaweka mikono yake yote miwili mfukoni, jambo ambalo humo ndani hakuna aliyewahi kulifanya, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza mezani:

"Chenga, nani anataka biskuti?"

Mtoto aliendelea kupanga spana.

"Biskuti ya chokoleti. Mbili."

Mtoto gani huyo! Kwa biskuti moja tu Chenga alikuwa radhi kuuza nyumba na waliomo. Akachukua spana ya mwisho, akaifuta vumbi kwa gauni lake, akaiweka mahali pake.

Baba Chenga aliketi juu ya gunia la mtu bila kuangalia limejaa nini. Basi mtoto huyu alikuwa hasikii maneno. Alikuwa akisoma vidole na midomo, na wao, kwa kuwa walizoea kufoka na kupunga mikono tangu anatambaa, hawakuwahi kumpa nafasi ya kushindwa. Nyumba yoyote nyingine ingegundua. Na yeye alikwenda kwa daktari, akacheka mpaka kiti kikalia.

Akamgeukia dada yake amwambie. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake, kampa mgongo, anachagua mawe kwenye ungo.

"Dada," alisema.

Mgongo haukutikisika.

"Dada, kuna mteja mlangoni."

Hakuna.

Sijui ni shetani gani aliyemtuma, au ni woga tu, ambao kwake siku zote hutoka umevaa nguo za mzaha. Alisema polepole, kwa sauti iliyo wazi kabisa: "Dada, kwa nyuma hivi unafanana na gunia la pumba lililofungwa vibaya."

Kwa maneno hayo, mahali popote duniani, angekuwa tayari ameshapigwa na ungo. Shangazi alipuliza vumbi kwenye mahindi, akatupa kijiwe pembeni.

Baba Chenga alinyanyuka, akamzunguka, akachuchumaa mbele yake. Shangazi alipomwona uso, mikono ilisimama.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuita, Dada. Nimekuita mara nyingi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa nyuma yako."

"Wewe nawe," Shangazi alisema, akarudia mahindi yake. "Nitakusikiaje na mashine inapiga kelele..."

Hakumaliza. Aliinua kichwa, akaitazama mashine. Ilikuwa imekufa ganzi, mkanda unaning'inia, vumbi la unga limetulia kwenye mwanga wa mlangoni. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama jamaa aliyemsingizia.

Mama Chenga alikuja na chai, akawakuta wote wawili wamekaa sakafuni. Mumewe alimweleza kuhusu spana na biskuti. Mama Chenga aliweka birika chini, akaenda kusimama nyuma ya mwanawe, akapiga makofi mara moja kwa nguvu. Chenga aligeuka, akacheka. Mama yake akamwita jina kwa sauti ndogo, mtoto akiwa amekwisha kugeuka tena. Hakupata kitu. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamimina chai, kwa kuwa ilikuwa lazima mikono ifanye kitu.

Shangazi ndiye aliyezungumza, na mara hii hakufoka. Sauti yake ya chini ilikuwa ngeni hata kwa mdogo wake.

"Shuleni nilikuwa nakaa namtazama mwalimu mdomo. Somo linakuja vizuri. Lakini akigeukia ubao, somo linageuka naye. Linaondoka. Akirudi kututazama, tumeshafika mbali, mimi sijui tumepitia wapi." Alikuwa anachezea kijiwe. "Nilidhani wote ni hivyo. Nilidhani wenzangu ni hodari wa kubahatisha kuliko mimi. Mwalimu akamwambia baba, huyu kichwa kizito, kakaeni naye nyumbani. Nikakaa. Nikasema basi, nina kiburi. Kiburi afadhali kuliko ujinga, si ndiyo?"

"Kwa hiyo ni zile nyama, Dada?" Baba Chenga aliuliza, akihakikisha anamwelekezea uso.

"Mimi nitajua wapi! Labda nyama. Labda ni hii mashine, nimekaa nayo tangu nywele nyeusi. Lakini kila siku nimekuwa nawaambia nitazame mimi, nitazame mimi. Basi msinitazame mimi. Mtazameni yeye."

"Na ule usingizi?"

"Nauogopa kuliko wewe," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyemlea. Usiniulize mimi, mdogo wangu. Huyu ni mwanao."

Safari hii kifaa cha kupimia usikivu kilikuwa kimepona. Chenga alivishwa vipokea sauti vikubwa kuliko kichwa chake, akaambiwa kwa ishara atupe kibao cha rangi kwenye kopo kila akisikia mlio. Wazazi walikaa nyuma ya kioo. Vibao vilikaa sana mkononi. Baadaye daktari alificha mdomo wake kwa karatasi, akataja majina ya wanyama ambao picha zao zilikuwa mezani. Chenga akanyoosha shingo achungulie nyuma ya karatasi.

"Ninyi ni walimu wazuri sana," daktari aliwaambia. Hakuwa anawakejeli. "Amejifunza kusoma uso mpaka angenidanganya hata mimi. Masikio yenyewe si mabovu. Nyuma ya ngoma za masikio kumejaa ute mzito kama gundi, na zile nyama zinachangia, zinaziba mlango unaopitisha hewa ya sikio. Dawa tumejaribu, naona haijasaidia."

"Tukisubiri?"

"Inawezekana. Wapo ambao ute unaisha wenyewe. Sitawatisha, mnaweza kusubiri tena, akakaa mbele darasani, mwalimu akaambiwa. Au tunatoa nyama, na papo hapo tunaweka vibomba kwenye masikio, vidogo kama punje ya mtama, ute utoke na hewa iingie. Huwa vinaanguka vyenyewe baadaye. Kutoka damu kunaweza kutokea. Nyama zinaweza kuota tena, kwa wachache. Na usikivu tutaupima upya, siwezi kuwaahidi kabla."

Baba Chenga alipiga moyo konde akauliza lile lake. "Daktari, mnamzima. Sasa, asipowaka?"

Daktari hakucheka. "Hatumzimi, Baba. Moyo wake unaendelea. Kuna mtu mmoja kazi yake pale ndani ni kumtazama tu, anavyopumua, moyo unavyopiga. Hapasui, hashiki mkasi, haondoki mpaka mtoto aamke. Hatari ipo. Ni ndogo sana, lakini nikikuambia haipo nitakuwa nakudanganya."

Hilo la mtu asiyeondoka lilimwingia. Yeye alipozima mota ile, alikwenda kula.

Alimtazama mkewe. Mama Chenga alikuwa amekwisha kuamua tangu siku ya birika la chai, ungeliona jambo hilo kwenye mabega yake, lakini alimngoja. Baba Chenga akafikiri habari ya kusubiri. Siku zote alikuwa amehesabu kusubiri kama kutofanya kitu: unakaa, nyama zinasinyaa, hakuna aliyeguswa. Lakini sasa alijua kwamba wakati wewe umekaa, mahali fulani mwalimu anageukia ubao. Kila anapogeuka, kuna kitu kinaondoka, wala hakirudi kumtafuta mtoto aliyekikosa.

"Tuzitoe," alisema. Kisha akamgeukia daktari. "Zitoeni."

Asubuhi ya upasuaji Chenga alikuwa mtulivu, alivaa gauni la hospitali lililofungwa kamba mgongoni na kulionyesha kwa kila mtu. Baba yake akaruhusiwa kuingia naye mpaka atakapolala, akavalishwa kofia ya kitambaa iliyomkaa kama kilemba cha maharusi. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, na mtoto akapiga ukelele.

Haukuwa ukelele wa deko. Alimng'ang'ania baba yake shingoni, miguu imemkaza kiunoni. Muuguzi akamsemesha kwa upole, mwingine naye akamsemesha. Kadiri walivyombembeleza ndivyo alivyozidi kupiga kelele.

"Ni kawaida, Baba, wanaogopa taa," muuguzi alisema.

Baba Chenga aligeuza kichwa azione taa. Hakuona la kutisha. Ndipo alipozitazama nyuso. Watu wanne, na wote wamefunika midomo kwa vitambaa vya kijani. Macho tu. Macho yanamsogelea mwanawe, yanamtazama, hayasemi neno.

"Si taa," alisema. "Hamna midomo."

"Samahani?"

"Huyu anasikiliza kwa macho. Hamjamwambia kitu tangu ameingia. Naomba mmoja wenu avue."

Walitazamana. Kisha yule mtaalamu wa usingizi, baba wa makamo, mwenye kazi ya kutoondoka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akashusha kitambaa chake mpaka kidevuni. Alikuwa na pengo la meno mawili mbele. Akachuchumaa.

"Mimi babu yako," alisema polepole. "Utavuta hewa, utalala. Mimi nitakaa hapa."

Chenga alilitazama pengo kwa makini. Alinyamaza. "Meno yameenda wapi?" aliuliza kwa ile sauti yake ya kibanio.

"Nimeyasahau nyumbani. Wewe unayo?"

Akafungua mdomo amwonyeshe, jambo ambalo halikuwa na kazi, kwa kuwa ulikuwa wazi tayari. Akakubali kulazwa. Muuguzi mmoja alimtazama baba kwa mara ya mwisho, kwa macho tu, akiuliza. Hapo bado angeweza kusema hapana, ambebe, waende zao. Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya wake, una unga kwenye kucha, hakuna maji yaliyoweza kuuondoa.

"Endeleeni," alisema.

Kope zilishuka. Vidole vikalegea, kimoja kimoja.

Huko kwenye korido Mama Chenga alikuwa kwenye benchi, mikono ameibana kwapani. Shangazi kaketi karibu naye, kavaa kanga mpya na viatu vinavyombana. Baba Chenga alijaribu kuwatania kuhusu kofia yake, utani ukamfia mdomoni. Wakakaa. Watu walipita na vitoroli. Kila mlango ulipofunguka wote watatu walinyanyuka, na kila mara alikuwa mtu wa mtu mwingine.

Hatimaye alitoka daktari, kitambaa bado kiko usoni, akasimama mbele yao na kuanza kuzungumza haraka. Miwani yake ilikuwa na ukungu. Mama Chenga akashika kifua. Shangazi alimtazama daktari, akamtazama wifi yake, akamtazama tena daktari. Yeye, Shangazi, alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu yeyote rudia, alikuwa anatingisha kichwa tu na kungoja wengine wasimame. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti iliyofanya korido nzima igeuke. "Vua hicho kitambaa. Mimi sisikii. Nasoma mdomo."

Daktari alisita. Kisha akafungua kamba, akakishusha, akamgeukia yeye kwanza.

"Ameamka, Mama," alisema polepole. "Anapumua vizuri. Damu imekauka. Anamtaka baba yake."

Shangazi alikifuata kila kipande cha sentensi ile mpaka mwisho, midomo yake ikitembea na ya daktari. Halafu akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa bado ameketi.

"Umekaa nini?" alimfokea. "Unaitwa."